Mtoto wa Ganzi

Katika maisha yangu yote sijawahi kugombewa. Shuleni, tulipokuwa tukigawana timu kwa kuchaguliwa mmoja mmoja, mwishoni tulikuwa tunabaki mimi na mpira, na mpira ulitangulia kuchukuliwa. Chuo kikuu nilipangiwa kozi ambayo sikuiomba. Hata mke wangu husema hakunichagua, alinizoea tu. Kwa hiyo mwanangu wa mwisho alipofikisha miaka tisa, na timu mbili zikamtaka kwa wakati mmoja, nilivimba kichwa kwa niaba yake. Nilipita mitaa ya Tarime nikisalimia hata watu nisiowajua.

Alikuwa mdogo hata kwa umri wake. Miguu yake ilikuwa myembamba kiasi kwamba soksi za mpira zilimshuka hadi kwenye viatu, ikabidi mama yake azifunge kwa mpira wa kukatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Lakini mpira ukimfikia ulitulia, kama mbuzi aliyemwona mwenye zizi. Sijui alikitoa wapi kitu hicho. Kwa upande wangu hakikutoka.

Timu ya kwanza ilikuwa ya hapa mjini. Ilifanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule ya msingi ulioinama, ambako mpira usipokamatwa hujiendea wenyewe hadi kwenye mahindi ya watu. Mwalimu wao alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye goti lililoharibika ujanani, aliyefundisha akiwa amesimama wima kama nguzo ya umeme. Timu ya pili ilikuwa Sirari, mpakani, kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya maegesho ya malori. Mwalimu wa huko alikulia ng'ambo, upande wa Isebania, na Kiswahili chake kilikuwa kimevuka mpaka pamoja naye.

"Wewe mzee niachie huyu kijana," aliniambia. "Huku atakuwa sawa kabisa. Atacheza Migori, atacheza Kisii, watu wa maana wamuone. Huko Tarime ataonwa na nani? Ng'ombe?"

Nilifanya nilichofundishwa chuoni. Nilichukua karatasi nikachora jedwali: uwanja, umbali, mwalimu, mashindano, viatu. Nikajaza kila kisanduku kwa mwandiko mzuri. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na amezoea fomu kuliko mimi, aliisoma akiwa amesimama, akauliza, "Na anachotaka mtoto umekiandika wapi?"

Hakikuwapo. Nikamwita mtoto nikamuuliza. Akasema anataka timu yenye wenzake. Wanne wa darasa lake walikuwa timu ya mjini. Basi nikakunja jedwali langu, tukaenda mjini.

Ninazikumbuka wiki mbili zile kwa sababu hazikurudi tena. Alipewa jezi namba saba, iliyomfika magotini, akalala nayo. Asubuhi alikuwa akinisimulia mazoezi ya jana yake kwa kupanga vikombe mezani: huyu beki, huyu mimi, huyu kipa, na sukari ikiwa goli. Nilichelewa kunywa chai kwa sababu kikombe changu kilikuwa kinakaba mtu.

Wiki ya tatu, baada ya mazoezi, watoto waliteremka kuoga kijitoni kama walivyozoea. Mwanangu alirudi nyumbani kimya. Kesho yake Mwalimu akanipigia simu, akaniomba nifike uwanjani kabla ya wengine.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo jirani zangu hawahitaji kuelezwa. Kwetu Ukuryani mtoto wa kiume hahesabiwi kwa miaka. Ni mtoto mpaka atakapotahiriwa, akiwa na miaka kumi na tatu, kumi na minne hivi, katika Desemba ya mwaka uliokubaliwa na wazee, pamoja na wenzake wa saro moja, yaani rika la wanaokatwa pamoja. Anatahiriwa kwa kisu, hadharani, bila dawa, bila kupepesa jicho. Akimaliza tunasema ametoka. Kuanzia siku hiyo anaitwa mura, ni kijana kamili, na hali chakula, haogi wala hachezi pamoja na ambao hawajatoka. Vyeti vya kuzaliwa tunavyo, ila vingi vilitafutwa wiki ile shule ilipovidai, na kila mtu anajua. Kwa hiyo katika mpira wa watoto, ubishi wa umri ukizuka, hakuna anayefungua bahasha. Wanauliza: ametoka, hajatoka?

Mwanangu alitahiriwa Mwanza tulikokuwa tunaishi, akiwa na wiki chache, hospitalini, kwa sindano ya ganzi na daktari aliyekuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa puani. Lilikuwa wazo langu na la mama yake. Mimi nilipitia njia ya kisu, na niliapa wanangu hawataipitia. Niliandika hata makala gazetini kueleza uamuzi huo, makala yenye maneno kama "kizazi kipya" na "utu". Baba yangu, aliye kijijini njia ya kwenda Nyamongo, alisomewa ile makala mpaka mwisho, kisha akasema, "Amemkata mtoto asiyejua chochote. Hiyo siyo tohara. Hiyo ni chanjo." Tangu hapo kila nilipomfikisha mjukuu kijijini alimpokea vizuri, akampa maziwa, lakini watu wakimuuliza habari zake alijibu, "Huyu bado."

Mwalimu alinipokea kwa heshima. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu."

"Umeniletea mtu mzima."

"Ana miaka tisa."

"Cheti nimekiona. Kizuri sana. Msimu uliopita nilikuwa na mtoto mwenye cheti kizuri kuliko hicho, na alikuwa ananyoa ndevu."

Nikamweleza habari za Mwanza, hospitali, ganzi. Alisikiliza akiangalia goti lake.

"Nakuamini," akasema. "Mimi nakuamini. Lakini tukienda kucheza Nyamongo, wale watu wakasimamisha mchezo, nifanyeje? Nisimame katikati ya uwanja niwasomee makala yako?"

"Unaweza kuwaonyesha cheti."

"Mzee." Alilitamka neno hilo kama mtu anayefunga mlango polepole. "Na wazazi wameshaanza. Kuna babu kaja jana hapa kuniuliza kwa nini mjukuu wake, mtoto, anapigana vikumbo na mtu aliyetoka. Anasema ni mkosi. Kesho atakuja na wenzake watatu."

"Kwa hiyo unamfukuza."

"Simfukuzi. Mpira anao. Nina kikosi cha wale waliotoka Desemba. Nitamweka kule."

"Wale wana miaka kumi na minne."

"Ndiyo. Lakini wametoka, na yeye ametoka. Hapo hakuna atakayeniuliza kitu."

Mtoto alikuwa ameshafika na amekaa kwenye tofali karibu na goli, akijifanya anafunga kamba za viatu. Mwalimu akamgeukia, akamwita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mura, njoo."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Alinyanyuka, na naapa alinyanyuka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokaa. Na mimi, mwenye shahada mbili, mwandishi wa utu na kizazi kipya, nikahisi kitu kikinipanda kifuani ambacho sikukitambua mara moja. Kilikuwa fahari. Ile ile ya baba yangu, ile niliyoiandikia makala.

Jumamosi nikaenda Sirari kuona kama mlango ule bado uko wazi. Yule mwalimu alinisikiliza huku akipuliza filimbi kila baada ya sentensi yangu, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakikimbia nyuma yetu.

"Nyinyi watu wa Tarime mnapenda shida," akasema. "Miaka tisa ni miaka tisa. Namweka na watoto wa miaka kumi kushuka chini, mambo imeisha."

Nikashusha pumzi.

"Lakini tuelewane, mzee. Hapa watu ni wale wale tu, mpaka haujabadilisha kitu. Asioge na wenzake. Asivue nguo mbele yao. Na wakimuuliza, aseme bado."

"Unataka mtoto adanganye."

"Mimi nataka acheze. Hiyo ya kudanganya umeisema wewe."

Basi ndivyo uchaguzi wangu ulivyofikia. Viatu na umbali vilikuwa vimetoka kwenye jedwali. Mjini mwanangu angecheza kama alivyo, lakini na watu waliomzidi miaka mitano na kilo ishirini. Sirari angecheza na watoto wenzake, lakini kwa kujificha. Tuliliweka mezani mimi na mama yake, barazani, jioni, yeye akichambua mchele.

"Mpeleke Sirari," alisema bila kuinua macho.

"Mtoto wangu hatajificha kitu ambacho si aibu."

"Kujificha ukivua nguo ni dhambi? Wewe kila siku unaoga umefunga mlango. Umemdanganya nani?"

"Hilo ni tofauti."

"Tofauti yake nini?"

Nilitoa hotuba. Nilisema mtoto akifundishwa kujificha akiwa na miaka tisa atajificha maisha yake yote. Nilisema ukweli una gharama. Ilikuwa hotuba nzuri, na kama ningekuwa nazungumza na mtu asiyenifahamu ingefaulu. Mke wangu alitoa jiwe kwenye mchele akalitupa uani.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Nikamuuliza. Mtoto akauliza kama Sirari kuna wenzake. Nikasema wapo wa umri wake, ila hawajui. Akafikiri kwa namna ambayo watoto hufikiri wakijua jibu halitatoka kwao. "Basi Sirari," akasema.

"Mwanaume hajifichi," nikamwambia.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisema hivyo kwa ajili ya ukweli. Nimeshika kalamu hii siku tatu nikitafuta namna ya kuandika hivyo. Nilisema kwa sababu ya neno moja alilotamka mtu mwenye goti bovu kando ya goli. Nilitaka alisikie tena. Nilitaka nilisikie.

"Sawa, baba," mtoto akasema.

Wale waliotoka Desemba walikuwa kumi na saba, na bado walitembea kwa madaha ya watu ambao wiki chache nyuma walikuwa wamesindikizwa barabarani kwa nyimbo, wakitundikwa kanga mabegani, huku magari yakisimama kuwapisha. Mmoja alikuwa na masharubu. Kabla ya mazoezi walijipanga mstari, si kwa namba za jezi bali kwa jinsi walivyofuatana siku ya kisu, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mwanangu hakuwa na nafasi katika mstari ule. Alisimama mwisho, hatua mbili kutoka kwa wa mwisho.

Siku ya kwanza walimwuliza saro yake. Hakuwa nayo. Wakamwuliza nani alimkata. Akasema daktari. Wakamwuliza alihisi nini. Akasema hakumbuki. Kufikia mwisho wa mazoezi alikuwa na jina: Ganzi. Mtoto wa Ganzi.

"Ganzi, umeamka?" walimwita mpira ukimpita.

"Mpe pasi polepole, mura, sindano yake haijaisha."

"Mkanyage kidogo tuone. Hasikii huyo."

Mwalimu aliwakemea. "Acheni maneno, chezeni." Waliacha maneno. Pasi hazikuwafika wasio wa saro, na asiye wa saro alikuwa mmoja tu. Alikimbia pembeni dakika tisini akinyoosha mkono, na mpira ulimfikia pale tu ulipopotea njia. Lakini ulipomfikia, ulitulia. Aliwapita wawili, watatu, kama anavyopita kati ya miguu ya watu wazima msibani. Hilo ndilo lililowaudhi. Ukimpita mtu aliyekatwa kwa kisu, wewe uliyekatwa usingizini, unamfanya nini mbele ya wenzake?

Jumatano moja nilikuwa nimesimama pembeni mwa uwanja. Aligongwa kiwiko cha mdomo akaanguka. Aliinuka na damu kwenye meno, akanitafuta kwa macho. Jicho la mtoto anayekutafuta lina muda mfupi sana. Ningeweza kuingia uwanjani. Ningeweza kunyoosha mkono. Nilitikisa kichwa, ule mtikiso wa wanaume, kidevu chini mara moja. Akafuta mdomo kwa namba saba, akarudi kwenye nafasi yake. Yule mwenye masharubu alimwangalia, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu.

Njiani kurudi nyumbani mtoto aliniambia, "Sikulia."

"Nimeona."

"Walidhani nitalia."

"Mura halii," nikasema. "Wala hasemi ameumia wapi."

Nilitamka maneno hayo kwa Kikurya, kama nilivyoambiwa mimi, kwa sauti niliyoambiwa nayo. Sikujua kama bado ninayo. Mtoto aliyarudia chini chini akitembea, akiyazoesha ulimi, maana Kikurya chake ni cha kuokoteza.

Mwezi uliofuata mke wangu alikwenda Musoma kwenye mafunzo ya kazi ya wiki mbili. Aliniachia orodha kwenye mlango wa kabati: dawa za minyoo, sare, karanga za uji. Niliifuata orodha yote. Hilo nalitaja kwa sababu niliwahi kulitaja kwake kama utetezi.

Jumanne ya wiki ya kwanza sikwenda uwanjani. Nilikuwa namalizia makala kuhusu barabara. Mtoto alirudi akikanyagia ukingo wa mguu wa kulia.

"Umeumia?"

"Nimejikwaa."

"Wapi?"

Hakujibu. Aliniangalia kidogo, kisha akaangalia chini, na ninavyokumbuka sasa kulikuwa na kitu kama tabasamu. Alikuwa ananijibu vizuri kuliko nilivyomwuliza. Wala hasemi ameumia wapi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilielewa, nikafurahi. Nikamwekea maji ya moto na chumvi, nikarudi kwenye barabara yangu.

Alianza kulala na soksi. Nikadhani ni baridi. Tarime ina baridi. Aliacha kupanga vikombe mezani. Alikwenda shule kwa mguu kila siku, kilomita moja na nusu kwenda na nyingine kurudi, na alikwenda mazoezini mara tatu. Baadaye Mwalimu aliniambia alidhani mtoto amenuna, kwa sababu alisimama tu karibu na kona akiegemea kijiti cha bendera. Alimpigia kelele akimbie. Alikimbia.

Siku ya tisa tangu Jumanne ile mke wangu alirudi kabla ya siku aliyosema. Mtoto alitoka mbio kumpokea mkoba getini, kwa namna alivyokuwa akikimbia siku zile. Mama yake aliuweka mkoba chini. Hakunisalimia.

"Vua soksi," akasema.

"Nimejikwaa tu, mama."

"Vua."

Mguu ulikuwa na rangi ambayo sitaieleza. Nilisimama mlangoni nikiwa bado nimeshika kalamu, na mke wangu akaniangalia mara moja tu. Ni mwanamke wa Serengeti, wa kijiji kilicho ukingoni mwa hifadhi karibu na Machochwe. Kwao mtu akipitiwa na usingizi lindoni na tembo akaingia shambani, hakuna anayempigia kelele. Wanamwachia atazame mahindi.

Hospitalini daktari, kijana mwenye sauti ya upole, aliinua picha ya eksirei kuelekea dirishani.

"Hii ni ya lini?"

"Jumanne," mtoto akasema.

"Jumanne hii ya juzi?"

"Ile nyingine."

Daktari alimwangalia mke wangu, muuguzi mwenzake, kisha akaniangalia mimi, kisha akarudi kwenye picha, mahali penye amani. Alisema mfupa ulivunjika juu kidogo ya kifundo, karibu na pale mfupa wa mtoto unapokulia. Mtoto angeletwa siku ile ile, lingekuwa jambo la plasta na wiki chache. Sasa umeanza kuunga ukiwa umepinda. Itabidi uachanishwe, unyooshwe, ndipo ufungwe.

"Usiogope," akamwambia mtoto. "Tutakuchoma ganzi kwanza. Hutasikia kitu."

"Sitaki."

"Sindano ni ndogo tu."

"Siogopi sindano," mtoto akasema. "Sitaki ganzi. Nyoosheni tu."

Daktari alicheka kidogo, akidhani ni utoto. Mama yake hakucheka. Mtoto aligeuza kichwa akanitafuta kwa macho, kama Jumatano ile mwenye damu mdomoni. Alikuwa ananingoja. Kati ya watu wote mle chumbani mimi ndiye niliyepaswa kuelewa, mimi niliyempa yale maneno. Alikuwa amelala kitandani, miaka tisa, miguu myembamba, akiningoja nimwambie daktari kwamba mwanangu ametoka na hahitaji dawa.

Nilifungua mdomo. Nimeandika makala nyingi maishani mwangu. Hakuna neno lililotoka.

"Mchome," mke wangu akasema.

Hakulia sindano ilipoingia. Alilia baadaye, mguu ulipokufa ganzi, alipougusa kwa kidole akakuta si wake. Alilia bila sauti, uso ukiwa ukutani, mgongo ukiwa kwangu.

"Watajua," akasema.

"Nani watajua, mwanangu?" mama yake akamwuliza.

"Watajua tu."

Plasta ilikaa wiki sita. Ilipotolewa, mguu ulikuwa umegeukia nje kidogo, kama unaotaka kwenda njia yake. Daktari alisema tusubiri aone utakavyokua, na alisema kwa ule upole wake ambao nilikuwa nimeshaanza kuuogopa. Mwalimu wa mjini alikuja kutuona. Alikaa kwenye kiti akinyoosha goti lake bovu, na mtoto mbele yake akinyoosha mguu wake, wakatazamana kama watu wawili waliokutana njia panda. Hakuuliza habari za jezi. Mwalimu wa Sirari naye alipita siku moja akiwa na safari zake za mjini. Alimwangalia mtoto akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji na kurudi, akanywa soda yake, akazungumzia foleni ya malori mpakani. Namba saba bado iko kwenye kamba ya nguo. Hakuna anayeianua.

Siku hizi jioni watoto wa mtaani hucheza chandimu nyuma ya nyumba, mpira wa makaratasi na mifuko, magoli ya ndala. Wale wanne wa darasa lake wapo pia. Mwanangu huwekwa golini. Pale hakuna anayeuliza mtu ametoka au hajatoka. Wanauliza tu nani ana ndala za kuweka goli. Mpira ukimjia hajirushi, anaunyooshea mkono. Wakati mwingine unatulia.

Baba yangu alikuja mwezi uliopita. Yeye haji mjini. Mara ya mwisho alikuja kung'olewa jino. Alishuka kwenye bodaboda iliyotoka barabara ya Nyamongo, yeye nyuma ya dereva, nyuma yake kijana wa kijijini, na katikati yao wamembana mbuzi dume mweupe, mdomo ukiwa umefungwa kamba. Nilimwamkia. Alimwita mjukuu wake.

Mtoto alikuja kwa mwendo wake. Mzee aliinama, akaushika mguu ule, akaupapasa hadi pale palipojitokeza kifundo kipya, kama anavyopapasa ndama sokoni.

"Siku ngapi?" akamwuliza.

"Tisa."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Hata baba yako?"

"Hata baba."

"Na ulitembea?"

"Nilikwenda shule. Na mazoezini."

Baba yangu akanyanyuka. Macho yake ni mabovu, yanachuruzika siku zote, kwa hiyo siwezi kusema yalikuwa na nini. Alichukua ile kamba ya mbuzi akaiweka mkononi mwa mtoto, akamfungia vidole juu yake. Kwetu mbuzi wa namna ile, dume, mweupe, anatolewa na babu mara moja tu kwa mjukuu, na nilijua anatolewa lini, kwa sababu mimi nilipewa wangu nikiwa na miaka kumi na minne, nikiwa bado siwezi kukaa.

"Mura," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Huyu sasa ametoka."

Mtoto alirefuka tena kidogo, kama siku ile kando ya goli. Alimvuta mbuzi kuelekea nyuma ya nyumba, kule wenzake walikokuwa wakicheza, akichechemea haraka haraka, na sura yake ilikuwa ile ile ya siku alipolala na jezi. Sikuwa nimeiona tangu siku hiyo. Mama yake alikuwa dirishani ameshika sufuria. Alitazama mguu, hakutazama mbuzi.

Baba yangu alikuwa ananingoja niseme kitu. Kwa desturi kuna jambo ambalo baba wa mtoto anapaswa kusema.

Nikalisema. Nilimshukuru.